Charles Parsons, Mhandisi wa Mvuke na Umeme

Mwaka huu sisi wa kidato cha nne tumekuwa na mjadala usiokwisha, bwenini na hata kwenye foleni ya chakula: nani ataomba kozi gani katika chuo kikuu. Wa udaktari wapo, wa sheria wapo. Sisi tunaoelekea uhandisi tumegawanyika kambi mbili, kambi ya mitambo na kambi ya umeme. Na mtu akithubutu kusema kwamba anataka kozi inayochanganya yote mawili, kama ule uhandisi wa mekatroniki unaofundishwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na kile cha Dedan Kimathi, basi atachekwa na kurushiwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Nami badala ya kujibizana na watu nimeona heri nisimulie maisha ya bwana mmoja aliyeshika mawili, na dunia ikapata mwanga.

Charles Algernon Parsons alizaliwa jijini London tarehe 13 Juni 1854, lakini kwao hasa kulikuwa Ireland, katika kasri la Birr. Alikuwa kitinda mimba. Baba yake, William Parsons, alikuwa na cheo cha Earl wa Rosse, yaani mmojawapo wa mamwinyi wakubwa wa nchi ile. Lakini huyu hakuwa mwinyi wa kuketi barazani akipepewa. La hasha! Alikuwa mtu wa tanuri na nyundo. Alijenga darubini ya kutazamia nyota ambayo kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 183 na uzani wa tani 3 hivi. Kioo chenyewe hakikununuliwa popote. Kilisubuliwa pale pale nyumbani kwa shaba na bati, na mafundi waliokisubu walikuwa wenyeji aliowafunza mwenyewe. Darubini hiyo ilianza kutumika mwaka 1845, na ulimwengu haukuona nyingine kubwa zaidi yake hadi mwaka 1917. Mama yake, Mary, naye alikuwa mpiga picha hodari katika siku ambazo kamera zilikuwa kitu cha ajabu.

Watoto wa nyumba hiyo hawakwenda shule hata siku moja. Msifurahi mapema! Walimu waliletwa nyumbani, na mmoja wao, Robert Ball, baadaye alikuwa mwanafalaki mwenye sifa kubwa. Baada ya masomo watoto waliingia karakana ya baba. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na Charles alivukuta na kusana pia.

Baba alifariki mwaka 1867, Charles akiwa na miaka 13. Miaka miwili baadaye msiba mwingine ukabisha hodi. Familia ilikuwa na gari lililoendeshwa kwa mvuke, lililoundwa pale pale nyumbani. Tarehe 31 Agosti 1869 walilipanda: Charles, ndugu yake Clere, mwalimu wao, na binamu wa baba yao, Bi. Mary Ward, pamoja na mumewe. Bi. Ward alikuwa mwanasayansi aliyejulikana kwa vitabu vyake kuhusu hadubini, na picha zake alizichora kwa mkono wake mwenyewe. Walipofika kwenye kona, mama huyo alianguka, gurudumu likampita, akafa papo hapo. Wengi humtaja kuwa mtu wa kwanza duniani kuuawa na gari linalojiendesha kwa injini. Charles alikuwa na miaka 15, umri wetu sisi hawa, na aliyaona kwa macho yake. Watu hupenda kusimulia maisha ya wavumbuzi kana kwamba mashine ni mchezo wa watoto werevu. Huyu alijua mapema kwamba mashine inaua.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu, yaani masomo ya chuo. Mwaka 1871 Charles aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin, na mwaka 1873 akahamia Cambridge, Chuo cha St John's. Alisomea nini? Hisabati. Kwani uhandisi aliuacha? Hapana, ni kwamba pale Cambridge shahada ya uhandisi haikuwepo bado. Profesa wa kwanza wa somo la mitambo aliteuliwa mwaka 1875, Charles akiwa tayari yuko chuoni, na mtihani rasmi wa shahada katika somo hilo ulikuja kuanzishwa katika miaka ya 1890. Kwa hivyo akachukua hisabati, na katika mtihani wa mwisho wa mwaka 1877 akashika nafasi ya 11 katika chuo kikuu kizima. Kwa mtu ambaye akili yake ilikuwa karakanani, hiyo si haba hata kidogo.

Alipotoka huko alifanya jambo lililowashangaza watu wa tabaka lake. Mtoto wa Earl, mwenye shahada ya Cambridge, alivaa ovaroli akaingia kiwanda cha Armstrong huko Elswick, Newcastle, kuwa mwanagenzi. Tena yeye ndiye aliyelipa ada ili afundishwe! Kwa miaka minne alishika tupa, patasi na mashine za kukerezea chuma pamoja na wafanyakazi wengine. Kisha akaenda kiwanda cha Kitson mjini Leeds, akafanya majaribio ya makombora ya majini. Mwaka 1883 alimwoa Katharine Bethell, na mwaka 1884 akajiunga na kampuni ya Clarke, Chapman huko Gateshead, ng'ambo ya mto kutoka Newcastle, akiwa mshirika mdogo. Akapewa kitengo cha umeme.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mtu wa hisabati, aliyefunzwa kazi za mitambo kwa miaka minne, anakabidhiwa umeme! Angeweza kusema kwamba umeme si fani yake. Hakusema. Na mwaka huo huo, 1884, akatoa kitu ambacho hakikupata kuonekana.

Ili tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe inafaa tujue hali ilivyokuwa. Injini za mvuke za siku zile zilikuwa za pistoni. Mvuke unaisukuma pistoni mbele, unairudisha nyuma, mbele, nyuma, kisha mkono wa chuma unageuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka. Dainamo nayo, yaani mashine ya kuzalisha umeme, ilihitaji kuzunguka kasi kuliko injini. Basi mafundi walifunga mkanda kutoka gurudumu kubwa la injini hadi gurudumu dogo la dainamo, mfano wa ule mkanda wa mashine ya kusaga posho kule vijijini kwetu. Mkanda ukiteleza, taa zinafifia. Injini yenyewe ilitetemesha nyumba nzima.

Parsons alitaka kuachana na pistoni kabisa. Kwa nini mvuke usizungushe gurudumu moja kwa moja, kama maji yanavyozungusha gurudumu la kinu? Wazo hilo halikuwa geni, ila lilikuwa na mwiba. Mvuke wenye shinikizo kubwa ukiachiwa mara moja hutoka kwa kasi ya kutisha, na gurudumu linalotaka kufaidi kasi hiyo lingelazimika kuzunguka mpaka lipasuke. Hapa ndipo hisabati ya Cambridge ilipofaa. Parsons aliamua kwamba mvuke usiachiwe mara moja, bali ushuke ngazi kwa ngazi. Alipanga safu nyingi za vipanga vidogo: safu moja imeshikizwa kwenye kasha na haisogei, inayofuata imeshikizwa kwenye shafti na inazunguka, kisha nyingine tuli, kisha nyingine ya kuzunguka, hivyo hivyo. Kila safu inapunguza shinikizo kidogo tu na kuchota nguvu kidogo tu. Tena mvuke aliuingiza katikati ya shafti ukagawanyika kwenda pande zote mbili, ili usiisukume shafti upande mmoja. Mashine hiyo ndiyo tunayoiita turbini ya mvuke.

Hata baada ya kuushusha mvuke kwa ngazi, turbini yake ya kwanza ilizunguka mara 18,000 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60: mara 300 kwa sekunde moja! Dainamo za wakati huo zilizunguka mara 1,000 au 1,500 kwa dakika. Ukiifunga dainamo ya kawaida kwenye shafti ya Parsons, nyaya zake zingechomoka na kutawanyika kama mawe yatokayo kwenye kombeo.

Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini, maana kwangu mimi ndilo kiini cha maisha yake. Fundi wa mitambo peke yake angeishia hapo: turbini ninayo, dainamo ya kuifaa haipo, kwa hivyo nangoja watu wa umeme. Mtu wa umeme peke yake naye asingeota kamwe kutengeneza dainamo ya kasi hiyo, maana hapakuwa na injini ya kuizungusha. Wangengojana hadi leo. Parsons aliunda vyote viwili pamoja, kwenye shafti moja. Nyaya za dainamo alizifunga kwa waya zilizozizingira kwa nguvu zisiweze kuchomoka. Beringi alizitengeneza kwa pete nyingi zilizoacha nafasi ndogo sana ya kusogea, ili shafti ijitafutie yenyewe mahali pa kutulia badala ya kulazimishwa, na mafuta yakawa yanasukumwa humo bila kukoma. Halafu kuna kidhibiti mwendo, ndugu yake kile cha matatu. Nacho hakuwa cha mitambo mitupu wala umeme mtupu. Juu ya sumaku za dainamo aliweka kipande kidogo cha chuma. Umeme ukizidi, sumaku nayo inazidi nguvu na kukivuta kipande hicho, nacho kupitia kipenyo cha hewa kinapunguza mvuke unaoingia. Umeme ukipungua, mvuke unaongezeka. Ama kweli, hapo umeme unautawala mvuke, na mvuke unauzaa umeme. Sijui kambi zetu mbili zingegawana vipi kipande kile.

Mashine hiyo ilitoa kilowati 7.5 tu, yaani kama birika nne tano za umeme zikichemsha maji kwa pamoja. Imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi mjini London.

Kwa miaka michache mashine za namna hiyo zilinunuliwa hasa kuwashia taa kwenye meli. Parsons alitaka makubwa zaidi, wenzake katika kampuni hawakutaka, na mwaka 1889 wakaachana kwa ugomvi. Hapo alipata pigo la kweli. Hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake, zilibaki mikononi mwa kampuni. Mtu kanyimwa mtoto wake mwenyewe! Alianzisha kiwanda chake huko Heaton, Newcastle, na kwa kuwa hakuruhusiwa kutumia muundo wake wa kwanza ilimbidi abuni mwingine, ambamo mvuke haupiti kufuata shafti bali unatoka katikati kuelekea pembeni. Muundo huo haukuwa mzuri kama ule wa kwanza, lakini mashine zake ziliendelea kuuzwa. Mwaka 1890 kituo cha umeme cha Forth Banks kilifunguliwa Newcastle, cha kwanza duniani kuwauzia raia umeme uliozalishwa kwa turbini za mvuke. Mwaka 1894 alizipata tena hataza zake.

Na hapo akageukia bahari. Aliunda mashua iitwayo Turbinia, ndefu kama mita 31.6 na nyembamba kama samaki chuchunge, upana wake usifikie mita 3. Walipoijaribu mara ya kwanza, aibu! Turbini ilizunguka vizuri mno lakini mashua ilikwenda polepole kuliko hesabu zilivyosema. Aliibadilisha rafadha mara kwa mara, hakuna kitu. Hatimaye aligundua kwamba rafadha ilizunguka kasi kupita kiasi, ikayachana maji na kuzungukwa na mapovu ya mvuke badala ya kuyasukuma. Akatengeneza tangi dogo la maji lenye dirisha la kioo akayachunguza mapovu hayo kwa macho. Dawa yake? Shafti moja akaifanya tatu, kila moja na rafadha tatu, jumla tisa. Turbinia ikapaa hadi kilomita 63 kwa saa, na hapakuwa na chombo cha majini duniani cha kuifikia.

Tarehe 26 Juni 1897 wanamaji wa Uingereza walikusanya manowari zao huko Spithead kusherehekea miaka 60 ya Malkia Victoria. Safu kwa safu za meli, wageni wa heshima tele. Ghafla mashua moja ndogo ikachomoka katikati ya safu, moto ukitoka dohani, mashua za ulinzi zikiifukuza bila kuikaribia. Ilikuwa Turbinia, na Parsons mwenyewe alikuwa ndani. Wakubwa wa jeshi hawakuwa na la kusema isipokuwa kununua.

Lakini bahari haikumpa heko tu. Manowari mbili za kwanza za turbini, Viper na Cobra, zote zilipotea mwaka 1901. Viper ilipanda mwamba penye ukungu. Cobra ilikatika vipande viwili ikiwa safarini kutoka Newcastle tarehe 18 Septemba, watu 67 wakafa, na baadhi yao walikuwa watu wa kiwanda cha Parsons mwenyewe. Turbini hazikuwa na hatia. Mwili wa meli ndio uliovunjika. Hata hivyo wengi wangekata tamaa hapo. Yeye aliendelea, na mwaka 1906 manowari kubwa Dreadnought ikatoka ikiwa na turbini, na mwaka 1907 zikafuata meli za abiria Lusitania na Mauretania. Kufikia 1910 alikuwa amenunua meli kuukuu ya mizigo, Vespasian, akaitia gia kati ya turbini na rafadha, turbini ikaenda kasi ipendavyo na rafadha polepole ipendavyo.

Nchi kavu nako mashine zilikuwa. Zile kilowati 7.5 za 1884 zilikuwa 1,000 kwa mashine moja aliyoiuzia Elberfeld, Ujerumani, karibu na mwaka 1900, na zaidi ya muongo mmoja baadaye zilikuwa 25,000 kwa mashine iliyokwenda Chicago. Leo mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, tuliouanza mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, hupita safu kwa safu za vipanga kwenye shafti ambayo ncha yake ya pili imeshika jenereta. Usiku tunapodurusu, taa zetu zina deni kwa shafti ile ya Gateshead.

Sitaki msomaji adhani namfanya malaika. Alikuwa mtu wa haya, mzito wa kuzungumza mbele za watu, na kwa miaka mingi alimwaga pesa akijaribu kutengeneza almasi kiwandani. Hakufaulu, na mwishowe alikiri hivyo. Tena tuseme ukweli: alizaliwa penye karakana na fedha. Wengi wetu karakana yetu ya kwanza ni kibanda cha fundi redio sokoni. Lakini mali haikumfungia nyaya za dainamo, wala haikumkalisha kiwandani miaka minne akila vumbi la chuma.

Nikiulizwa maoni yangu kuhusu mekatroniki, nasema hivi. Jina hilo lilibuniwa Japani mwaka 1969, Parsons akiwa kaburini kitambo, lakini kazi yenyewe ameifanya. Anayeichagua ajue haipunguzi kitu: hapa kwetu ni miaka mitano kama uhandisi mwingine wowote, na hisabati na fizikia hazina njia ya mkato. Anayechagua mitambo au umeme peke yake pia hajakosea, mradi akipewa kitengo asichokisomea asikimbie. Ninaowaonea shaka ni wale wanaochagua kwa kuangalia tu rafiki yao ameandika nini kwenye fomu.

Parsons alipewa uungwana wa "Sir" mwaka 1911, na mwaka 1927 akatunukiwa nishani ya Order of Merit, mhandisi wa kwanza kuipata. Mwanawe wa pekee, Algernon, aliuawa vitani mwaka 1918. Binti yake, Rachel, alikuwa ameingia Cambridge mwaka 1910 kusoma uhandisi, somo lile ambalo baba yake hakulikuta, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kulisoma huko. Wakati wa vita alikuwa mkurugenzi katika kiwanda cha Heaton, ambako wanawake walifunzwa kazi za wanaume waliokwenda vitani. Vita vilipokwisha na wanawake hao wakaambiwa warudi jikoni, yeye na mama yake pamoja na wenzao waliunda chama cha wanawake wahandisi, mwaka 1919, naye Rachel akawa rais wake wa kwanza. Chama hicho kipo hadi leo.

Mzee alifariki tarehe 11 Februari 1931 akiwa na umri wa miaka 76, melini, katika bandari ya Kingston, Jamaika, alikokwenda matembezi na mkewe. Alizikwa Kirkwhelpington, kaskazini mwa Uingereza. Turbinia ingalipo. Imetandazwa ndani ya jumba la makumbusho mjini Newcastle, na mwenye kuinama nyuma yake ataziona zile shafti tatu.